Kona ya Msasa

3 Machi

Kwako binti yangu,

Salamu. Mimi hapa kwa shangazi yako sijambo. Kikohozi kimepungua, ila ananinywesha uji kama mtoto mchanga. Wewe hujambo?

Tuyaache hayo. Jirani yetu fundi kufuli amenipigia simu: "Mzee, karakana yako imetobolewa ukuta." Kwa ruhusa ya nani? Wiki tatu tu sipo, umesukuma benchi langu pembeni, umepitisha bomba ukutani, umetundika pazia la plastiki kama bafuni! Kweli paka akiondoka panya hutawala. Miaka thelathini napiga msasa pale pale ninapopiga randa, na hakuna kabati lililowahi kurudishwa.

Nikirudi nikute kila kitu mahali pake.

Baba yako, mwenye benchi


9 Machi

Baba, shikamoo.

Nafurahi kifua kimetulia. Unywe uji huo, usigombane na shangazi.

Benchi sirudishi. Nimetengeneza meza ya kupigia msasa, ina matundu juu na sanduku chini, na bomba linafyonza vumbi mpaka kwenye pipa lililo nje. Wiki ya kwanza nilimwaga pipa, unga wa mbao ukajaa ndoo mpaka ukingoni. Ndoo nzima, baba, kwa makabati mawili na kitanda! Zamani unga huo ulikuwa unakwenda wapi? Siku nilipokupeleka huko kwa shangazi, daktari alikuuliza unafanya kazi gani, ukamjibu, "Nimestaafu." Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilitamani ardhi ipasuke.

Unasema hakuna kabati lililorudishwa. Makabati hayakohoi!

Na kwa kuwa umeniuliza hali: nakohoa. Tangu mwaka jana. Nilikuwa natoka nje, nakoholea nyuma ya mbao usinisikie, maana ulisema fundi anayefunga kitambaa puani anaiogopa kazi yake.

Binti yako, mwenye mapafu


20 Machi

Baba, shikamoo tena.

Siku kumi na moja, kimya. Nikipiga simu shangazi anasema umelala. Saa nne asubuhi? Kama umenuna, basi nuna kwa barua nijue.

Binti yako


2 Aprili

Kwako binti yangu,

Marahaba, zote mbili. Huku wazima, shangazi yako anakusalimu.

Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimekaa uani nimefura kwa hasira. Kwanza nilikukasirikia wewe kwa kunificha ugonjwa. Hiyo ilipoisha, akabaki yule mzee aliyekwambia maneno ya kitambaa. Huyo nimemkasirikia sana, na mpaka leo hatujapatana.

Jumatatu nilirudi kwa daktari nikamwambia kazi yangu halisi. Naye alikasirika. Amesema kifua changu hakitarudi kilivyokuwa, na karakana niiage. Nikamwambia, "Nina binti, ni fundi, naye anakohoa." Akasema aje Alhamisi ya wiki ijayo, mapema, huenda chake bado kinatibika. Utakuja. Sitaki hoja.

Halafu hiyo meza uliipima kwa kiuno cha nani? Fundi kufuli anasema ni fupi, mtu wa kimo changu atavunjika mgongo. Nilishika kalamu nikuagize uinyanyue.

Usiinyanyue. Iache kwa kiuno chako.

Baba yako