Ukuta wa Mbele

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba, na Kaka anakutoa nje asubuhi upate jua kabla halijawa kali. Wasalimie sana yeye na wifi, na wale watoto wao wawili wasiokupa nafasi ya kusinzia. Huku sisi tuzima, kwa maana ya kwamba hakuna aliyelazwa. Mjukuu wako ameota meno mawili ya chini na anamng'ata kila anayembeba, bila upendeleo. Sasa hivi amelala, nami nimeiiba saa hii moja ya mchana nikuandikie. Ukiona mwandiko umekatika, ujue ameamka.

Shangazi bado yuko hapa kwangu. Chumba ni kile kile kimoja. Kitanda nimemwachia yeye na mtoto, mimi nalala chini karibu na mlango. Alivyookoa nyumbani ni cherehani, sufuria mbili na ile saa ya ukutani isiyotembea. Kumtunza hakunichoshi. Kinachonichosha ni maneno yake. Kila akikaa na jirani anasema nyumba imebomolewa kwa sababu ya kaka yake, yaani wewe. Anasema wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini kaka yake aliziba ufa, akajenga na ukuta, na bado jiji zima likauona umepinda. Jirani anacheka. Mimi naendelea kuosha vyombo.

Juzi Kaka alinipigia simu. Alisema huli vizuri. Alisema umemwambia zana zako azigawe, mwiko, pimamaji na timazi, ampe fundi yeyote kijana, na kwamba kila mgeni akija unamuuliza kama nyumba uliyomjengea ina nyufa. Tena umemwambia kuwa labda ule ukuta wetu wa mbele uliuharakisha kwa sababu mvua zilikuwa karibu. Ndiyo maana naandika, Baba. Soma polepole, na ukifika mwisho usimruhusu Kaka anitetee.

Kazi yangu pale studio unaijua: picha za pasipoti, maharusi, watoto wasiotaka kucheka. Mwaka huu mwenye studio alipata kazi ya kalenda ya ofisi za jiji, picha kumi na mbili, kila moja ionyeshe jengo la zamani na la kisasa kwa pamoja. Alinipa mimi. Nilizunguka wiki tatu, mtoto mgongoni. Nilipiga roshani ya mbao ikionekana ndani ya kioo cha benki. Nilipiga ngazi za mawe zilizolika katikati, pembeni yake lifti inang'aa kama kijiko kipya. Nilipiga paa la bati lenye kutu chini ya tangazo la nyumba ambazo bado hazijajengwa. Sitakuficha, niliipenda kazi ile. Nilikuwa nikirudi nimechoka hadi mifupa, lakini nimeshiba macho.

Picha ya mwisho ilikuwa ya nyumba yetu na lile ghorofa la vioo lililoota ubavuni mwake. Siku ya kwanza nilipanda roshani ya ghorofa ya pili ng'ambo ya barabara, nikaishika kamera sawasawa, nikaipata nyumba imesimama wima kama siku uliyoimaliza. Ila ghorofa la vioo lilikatika kiunoni. Mwenye studio aliitazama akasema nimempigia mteja suruali nikamwacha mtu. Alitaka ghorofa lote mpaka kileleni.

Nikarudi. Safari hii nilisimama barabarani, karibu kabisa, nikapiga goti, nikaielekeza kamera juu. Ukifanya hivyo, Baba, mistari yote huinamia katikati, na kilicho pembeni ndicho kinachopinda zaidi. Kila mpiga picha anajua. Nyumba yetu ilikuwa pembeni. Ilitoka imelala upande, kama mlevi anayetafuta bega la mwenzake. Mwenye studio alipiga makofi, akasema hiyo ndiyo yenyewe, ya zamani inaanguka, ya kisasa inapaa. Akaiweka mwezi wa kwanza.

Kalenda zikatundikwa kwenye ofisi za jiji. Mkaguzi wa majengo akaiona, akaja nyumbani na picha mkononi, amechora mstari juu yake kwa rula. Ukuta wenyewe hakuupima. Aligusa zile nyufa za plasta zilizotokea mwenye ghorofa la vioo alipokuwa anachimba msingi, akatikisa kichwa. Shangazi alimwambia ameishi humo miaka ishirini na mitano na hajaona kikombe kikiteleza mezani. Kisha akaonyeshwa picha. Hata yeye aliamini. Aliniambia baadaye kwamba macho yake yamezeeka, lakini picha haina sababu ya kusema uongo. Wakachora alama nyekundu mlangoni, wakatupa siku kumi na nne za kupinga.

Yote haya yalikuwa salamu tu, Baba. Barua yenyewe ni hii.

Siku ya tisa mkaguzi alipiga simu studio. Aliuliza kama ipo picha nyingine ya nyumba ile, iliyopigwa kwa mbele, aiambatanishe na ripoti yake. Nilipokea mimi. Ile ya kwanza ilikuwa bado kwenye kompyuta, mbele ya macho yangu. Mwenye studio alikuwa amenisimamia kichwani. Alikwisha kuniambia kwamba ikijulikana picha zetu zinapinda majengo, kalenda zote zitarudishwa, na mimi nitafute pengine pa kubembelezea mtoto. Nikamjibu mkaguzi kwamba hakuna. Kisha, bila kuambiwa na mtu, nikaifuta. Hapo hakuna wa kumsingizia. Niliifuta kwa mkono wangu ili isiendelee kunitazama. Nikajidanganya kwamba mkaguzi atakuja kupima. Hakuja. Zilikuja mashine.

Siku ya kubomoa nilikuwepo. Chumba cha Shangazi kilishuka kwa pigo moja. Ukuta wa mbele ulibaki wa mwisho, umesimama peke yake hauna cha kuzuia. Dereva wa mashine aliupiga mara tatu, ukakataa. Akashuka kunywa maji, akawaambia wenzake huku anacheka kwamba aliyeujenga huu hakuiba saruji. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake, na sikumwambia kuwa ni baba yangu.

Unakumbuka? Nilikuwa darasa la pili. Ulinipa kamba ya timazi niishike juu ya ngazi, ukaniita Fundi Mdogo, ukaniambia nisipumue mpaka kile kipande cha risasi kinachoning'inia kitulie. Ulibomoa mstari mzima wa matofali kwa sababu ya upana wa kucha. Mvua zilikuwa karibu, kweli, lakini hukuharakisha. Nyumba haikuinama, Baba. Kamera ndiyo iliyoinama, na mkono ulioiinamisha ni wangu.

Mtoto aliamka nikaacha hapo. Sasa ni siku ya pili.

Jana nilimwambia Shangazi. Nilijua nikiitia barua posta kabla ya kumwambia, nitakuwa nimekimbia tena. Alikuwa anakunja nepi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu, ile picha iliyonyooka iko wapi. Nikarudia kwamba niliifuta. Akakunja nepi zilizobaki, zote, akazipanga. Ndipo akasema kwamba kumbe kaka yake alijenga. Asubuhi hii amefunga cherehani yake kwa kamba na kuniomba nimwite mpagazi. Anakuja kwenu kwa basi la saa sita, anasema ana maneno ya miezi miwili ya kukuomba radhi. Nimemwomba akae, amekataa. Nimemwomba nimsindikize hadi stendi, amekataa pia. Amekubali kubeba barua hii. Amembusu mtoto mikono yote miwili, mimi amenipita mlangoni, anamsubiri mpagazi nje.

Zana zako usizigawe. Hilo siombi, nakuambia. Barua hii isomwe kwa sauti, na wageni wako waisikie, ili asiwepo tena wa kukuonea huruma. Mimi ninarudi kazini kesho, kwa kuwa mtoto anakula, na Mungu anajua nitaishikaje kamera.

Wasalimie wote watakaokubali salamu zangu. Kula, Baba.

Ni mimi mwanao wa mwisho. Lile jina la Fundi Mdogo nimeliacha kwako, mpaka utakaponiita tena.