Maziwa Hayakukauka

Dordrecht, 14 Agosti 1921

Dada Neeltje uliye mbali Surabaya,

Natumai joto la huko halikuchoshi. Sisi tu wazima, na Teuntje wangu ameota jino.

Dada, nimerudi majini! Jumamosi tulicheza polo ya majini na wanawake wa Rotterdam. Mama mkwe alikuwa ameapa kwamba maji baridi yatanikausha maziwa, na yakikauka tu, niache kuogelea maisha yangu yote. Sikumlaumu. Bado tunamlilia yule mwanangu wa kwanza, aliyefariki akiwa bado ananyonya.

Wakati wa mapumziko tulikuwa nyuma, mabao mawili kwa moja. Nikamwona mama mkwe kasimama ukingoni, Teuntje analia mikononi mwake. "Toka humo, bata wewe! Mnyonyeshe tuone!"

Nikatoka majini. Nikaketi kwenye kibanda cha kubadilishia nguo, nikampakata. Akanyonya mpaka maziwa yakamtiririka kidevuni, akalala. Mama mkwe akamfuta mdomo. Kisha akanigeukia: "Sasa umekaa unangoja nini? Rotterdam wanatucheka!"

Nikafunga mawili, tukashinda! Waliokuwepo wote hawakumfikia mama mkwe kwa kelele: "Mke wa mwanangu huyo! Mwoneni!"

Leo asubuhi nimemkuta anashona vazi langu la kuogelea, lilikuwa limechanika begani. Anasema mwezi ujao tunakwenda Amsterdam, na yeye ndiye atakayembeba Teuntje.

Ni mimi mdogo wako, nywele bado mbichi,

Aaltje