Mipira ya vioo imepatikana

Shoga, shemeji yako kapata mipira ya vioo vya lile jeep lake kuukuu. Ile aliyoambiwa na maduka yote ya spea kwamba haitengenezwi tena.

Leo mvua kubwa, tumempakia mama mkwe, halikuingia hata tone. Njia nzima mama anamsifu: "Mwanangu ana akili."

Tumefika kwake, nafungua friji niweke maziwa. Mlango haushiki. Mpira hakuna. Kumbe Jumapili mtoto mwema alikwenda kumsalimia mamake na bisibisi mfukoni.

Wala hakupepesa macho: "Mama, wa friji unapatikana popote. Wa jeep ndio adimu."

Wa jeep ndio adimu!

Mama hakugomba. Kachukua funguo za jeep na maziwa yake: "Basi friji yangu ni ile pale nje."

Tunarudi kwa miguu. Tumelowa chapachapa.