Gari Linalovuta Kulia

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika hapa Sekei. Goti la bibi yako limetulia, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike.

Unasema gari kuukuu ulilonunua huko Mwanza linavuta kulia ukikanyaga breki, na fundi anataka kulegeza breki ya kulia. Mwambie afungue ya kushoto kwanza.

Nilikuwa nimeoa juzijuzi tu, nampeleka mama mkwe kanisani kwa pikapu yangu. Kwenye mteremko nikakanyaga breki, gari likavuta kulia, likavuka barabara na kuingia migombani kwa watu. Hatukuumia, lakini nilitamani ardhi inimeze. Mbele ya mkwe!

Nikafungua matairi ya mbele. Dramu ya breki ya kulia ilikuwa kavu, na viatu vya breki vinavyoibana vilikuwa vizima. Ya kushoto ilikuwa imelowa mafuta ya breki yaliyovuja kwenye silinda yake, kwa hiyo haikushika kabisa. Breki niliyokuwa nikiilaumu ndiyo pekee iliyokuwa ikifanya kazi.

Waumini wakaanza kupita wakitoka ibadani. Mama mkwe alikuwa ameketi juu ya jiwe na gauni lake la Jumapili, amenishikia nati mapajani. Sikuweza kuinua uso.

"Mama, kulikoni?" mmoja akauliza.

"Mkwe wangu ananitengenezea gari," akajibu kwa sauti ya kujivuna.

Angenigombeza ningeona afadhali. Nilijiinamia nikajifanya natafuta spana, asije akaona machozi yangu.

Mungu akulinde barabarani.

Babu yako