Mikono Mbele ya Bendera

Jumatatu, 7 Julai

Kupandishwa kwa bendera kumenisimamisha tena njiani, kama kila Jumatatu. Mwenye pikipiki aliyenibeba alizima injini mbele ya ofisi ya kikosi, hapa mtaani Kasuku. Wauza mikate wakatua masinia. Barabara nzima ikanyamaza. Naipenda dakika hiyo. Ni dakika pekee ambayo mfanyabiashara na mchukuzi wa bandarini wananyamaza kwa usawa.

Rasimu ya memorandumu ya kamati yetu ya wanafunzi ilikuwa mkobani. Kifungu cha tatu nimekiunda mwenyewe na ninakijivunia: "Askari asiyeweza kutuliza mikono mbele ya bendera ya taifa lake hastahili kushika bunduki ya taifa hilo." Tunaunga mkono amri ya Meja mpya wa kikosi. Tangu afike, bendera ikipanda yeye hupita mbele ya safu na kutazama mikono. Anayetetemeka huhesabiwa kuwa mtu wa bangi au wa vidonge vya kulevya. Kwanza kasho, mahabusu ya kikosi. Kisha mahakama ya kijeshi. Kisha kufukuzwa. Baada ya askari mmoja aliyelewa vidonge kumpiga risasi muuza samaki, nani angepinga? Wanafunzi tuliandamana. Kipaza sauti nilikishika mimi.

Leo Meja alisimama mbele ya mtu wa safu ya pili. Mikono yake ilikuwa inatikisika kama majani ya muhogo. Wakamvua mkanda. Wakamtoa kamba za viatu. Alipogeuzwa nikauona uso.

Yaya Ramazani. Kaka yangu.

Nimeliandika jina ili niamini.

Jumanne, 8 Julai

Sikwenda darasani. Nina hasira. Kwake kwanza, kwa kunificha. Kwangu pia, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kupiga makofi amri hii ilipotangazwa.

Kasho ya kikosi hailishi mtu. Mfungwa hula kile ambacho jamaa yake ameleta, na asiye na jamaa hula kwa huruma ya wenziwe. Mama alitwanga lituma ya ndizi, akapika samaki wa mchuzi, akanitwika sufuria. Wifi Amina, mke wa Yaya, hakutaka kuja. Anaogopa kuonekana. Yaya akifukuzwa jeshini, nyumba ya kambini inachukuliwa siku hiyohiyo, naye na watoto watabaki barabarani na magodoro yao.

Kwenye dirisha la kasho nilipokewa na sauti ya mtu nisiyemjua, koplo mmoja mwenyeji wa Pangi, Wabenga.

"Mutoto ya universite! Si njo wewe ulisema kwa mikro tufukuzwe wote? Karibu, mama. Chakula pitisha. Hotuba tulishashiba."

Walicheka wote, hata mlinzi. Yaya hakucheka. Alishika sahani kwa mikono miwili na bado mchuzi ulimwagika. Hakuniangalia. Nilitaka kumtukana. Nilitaka kumlisha.

Aliwagawia wenzake kabla ya kula.

Alhamisi, 10 Julai

Nilimwambia Mama kwamba sheria ni sheria. Aliendelea kuchambua mchele. Kisha akanisimulia, bila kuinua macho, jambo ambalo nimelijua nusunusu maisha yangu yote.

Miaka ya vita. Mji umezungukwa. Wapiganaji wa msituni wameshika mashamba ya ng'ambo ya mto, waliojiita serikali wakati huo wameshika mji, na raia hana pa kupata hata jani la muhogo. Mimi mtoto wa kubebwa, tumbo limevimba kwa njaa. Wapiganaji waliruhusu familia ivuke Lualaba kwenda shambani kwa sharti moja: itoe mtu. Baba alikuwa amekwisha kufa. Yaya, ambaye sauti yake haikuwa hata imevunjika, alishuka kwenye mtumbwi akasema, "Mimi niko hapa. Waacheni wapite."

Siku ya kwanza walimpa bangi. Walimwambia inaondoa woga. Kabla ya kila shambulio walimpa tena. Vita vilipokwisha wapiganaji wakaingizwa katika jeshi la taifa, wakapewa sare mpya na cheo. Hakuna aliyewauliza wanavuta nini. Bangi ikawaletea vidonge, na vidonge vikabaki.

"Wewe njo ulikula ule muhogo," Mama akasema. Basi. Akaendelea na mchele wake.

Nimeshindwa kulala mchana, nimeshindwa kusoma. Mwili huu unaosimama jukwaani na kulaani wavutaji, ulijengwa na muhogo ule. Asante, Yaya. Sijawahi kumwambia. Kila mara nilidhani neno hilo ni la wageni, si la ndugu.

Ijumaa, 11 Julai

Leo nimeuliza swali ambalo mwanafunzi mzuri wa sheria, kama ninavyojiita, angeuliza siku ya kwanza: ulimeza lini mara ya mwisho?

Yaya alisogea dirishani. "Mudogo wangu, mimi niliacha. Alhamisi ile ya kabla ya kukamatwa, vidonge vyote nilitupa ndani ya choo. Amina aliona. Mikono ilianza kutetemeka nyuma ya hapo."

Nilidhani ni uongo wa mtu aliyebanwa. Koplo Wabenga akadakia. "Mimi vilevile! Na huyu. Na yule wa pale kwenye kona. Unafikiri nani anatetemeka, mama? Ni mwenye njaa ya dawa. Aliyemeza asubuhi anasimama nguzo. Hata nzi amuingie puani, hatikisiki! Meja anampita, anafurahi: 'Tazama askari!'"

Niliuliza kila mmoja peke yake, wengine wakiwa wametolewa uani kuota jua. Jibu moja. Wote walikuwa wanajaribu kuacha. Nikaenda kwa Wifi Amina bila kumwambia nilichosikia. Akanieleza habari ya choo kabla sijauliza.

Mungu wangu. Bendera haikamati walevi. Inakamata wanaotubu. Anayeendelea kumeza analindwa na kidonge chake, na anayeacha anavuliwa mkanda mbele ya wauza mikate. Kambi nzima inaliona hilo na kujifunza somo moja tu: usiache.

Na mimi nimeliandikia sifa. Kifungu cha tatu.

Jumamosi, 12 Julai

Yaya ameanguka kifafa ndani ya kasho. Mchana, nikiwa dirishani, sufuria mkononi. Macho meupe, povu. Nilipiga kelele tu. Ufasaha wangu wote, na nilichoweza ni kupiga kelele.

Koplo Wabenga alimlaza ubavu, akamwekea shati lake chini ya kichwa, akamzungumzisha polepole kama mtoto mpaka akarudi. Yeye mwenyewe anatetemeka. Alibaki kifua wazi kwenye sakafu ya saruji.

Mlinzi alisema mfungwa haendi hospitali bila amri, na Meja yuko safarini mpaka Jumatatu.

Ninaogopa. Yaya anaweza kufa kwa sababu aliacha.

Namshukuru mtu wa Pangi. Kesho samaki mkubwa ni wake.

Jumapili, 13 Julai

Kikao cha kamati. Kesho, baada ya bendera, tunapokewa na Meja kusoma memorandumu. Mimi ndiye msomaji. Niliomba kifungu cha tatu kifutwe na kingine kiandikwe. Nikaeleza yote.

Salumu, mwenyekiti wetu, aliniacha nimalize. Kisha: "Kamaradi, wiki iliyopita ulikuwa moto wa msitu. Leo umekuwa jivu la jikoni. Damu ni nzito kuliko maji, eh?"

Wakacheka. Nikajibu: "Damu ndiyo iliyonipeleka dirishani. Nilichokikuta dirishani si damu, ni hoja. Ijibuni."

Walipiga kura na nikashindwa. Maandishi yatabaki yalivyo na Salumu atayasoma. Mimi nimeruhusiwa kuhudhuria "kwa nidhamu".

Mwisho wa kikao Salumu alinifuata nje. Mjomba wake alikuwa jirani wa yule muuza samaki. Nilikuwa nimesahau. "Usiniombe niwahurumie," alisema. Sikumwomba. Uchungu wake ni wa haki. Ninachopinga ni kipimo.

Jumatatu, 14 Julai

Naandika mkono ukiwa bado unatetemeka, na sijameza kitu chochote.

Salumu alisoma vizuri. Alipofika kifungu cha tatu Meja akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikasimama. Salumu akanishika mkono wa gauni. Nikabaki nimesimama.

Nikasema kifungu hicho ni changu na ninakikana. Nikasema waliomo kasho ni wale walioacha, na mmoja ameanguka kifafa. Nikasema: "Meja, leo asubuhi umepita mbele ya wanaume waliosimama kama nguzo. Tafuta mifukoni mwao."

Meja ni mtu mrefu, mkavu, asiyepandisha sauti.

"Mamzeli, huyu Ramazani ni nani yako?"

"Ni yaya yangu, Meja. Ndiyo sababu nimejua. Bila kumletea chakula ningekuwa nakisoma kifungu hiki mbele yako kwa majivuno."

"Kwa hiyo walevi waachiwe bunduki?"

"Hapana. Bunduki zichukueni leo hii. Mtu mpelekeni hospitali. Aliyempiga risasi muuza samaki alikuwa amemeza, Meja, hakuwa ameacha. Ukimwadhibu anayeacha, nani ataacha?"

Nilingoja kufukuzwa. Alisema tu kwamba tumesikika, na kwamba mgonjwa apelekwe kwa daktari mara moja, chini ya ulinzi. Kuhusu mahakama hakusema neno.

Njiani Salumu hakuongea nami. Lakini alinilipia pikipiki. Sijui maana yake. Nashukuru.

Alhamisi, 17 Julai

Habari kutoka kwa Wifi Amina, aliyekuja mbio, kitambaa kimemdondoka begani. Asubuhi Meja aliacha mikono akapekua mifuko. Waliosimama nguzo walitikisika sana leo! Vidonge vilitoka kwenye kofia, kwenye soksi, hata ndani ya mkate.

Hakumpeleka mtu mahakamani kwa kumeza. Anayeuza, ndiyo. Amri mpya ilisomwa mbele ya kikosi: atakayejitaja mwenyewe atatoa bunduki, atatibiwa, na familia yake itabaki katika nyumba yake. Akirudia kumeza, atafukuzwa. Kasho imefunguliwa. Wote wamepelekwa hospitali.

Ni amri yenye mashimo. Nayaona. Daktari ni mmoja, vitanda havitoshi, na akija meja mwingine anaweza kuifuta kwa mstari mmoja. Nitayapigania hayo. Leo sitaki. Leo nimekaa chini jikoni, karibu na Mama, nikalia kama mjinga. Mama akasema, "Lia, lakini koroga wali." Nikakoroga.

Jumatano, 20 Agosti

Hospitali. Yaya amenenepa mashavu. Usiku bado analia usingizini, muuguzi ameniambia, akiita majina ya wenzake wa msituni. Vidonge vilikuwa vinawanyamazisha. Sasa wanasema naye. Daktari anasema hilo litachukua muda mrefu kuliko mikono.

Koplo Wabenga yuko kitanda cha pili, bado na mdomo wake. "Mama, lete hotuba basi. Hapa chakula ni kibaya, hotuba inaweza kusaidia."

Nilimwambia Yaya lile neno, asante. Nilimwambia kwa ajili ya mtumbwi, na kwa ajili ya muhogo. Akavuta shuka. Kisha: "Ulikuwa muzito sana, wewe. Tumbo tupu, lakini muzito. Mama alikuwa anachoka kukubeba."

Nikacheka mpaka muuguzi akaja.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua zimerudi. Barabara ya Kasuku ni tope, na pikipiki iliichafua sketi yangu yote. Bendera ilitukuta palepale mbele ya ofisi ya kikosi. Injini ikazimwa. Masinia yakatuliwa.

Yaya alikuwa safu ya tatu, bila bunduki. Mkanda kiunoni. Viatu vimefungwa kamba.

Mikono ilikuwa bado inatetemeka. Kidogo, vidole tu, lakini niliiona kutoka ng'ambo ya barabara, na kama niliiona mimi, kila mtu aliiona.

Meja alipita mbele ya safu. Akafika kwake. Akasimama. Akaitazama mikono ile, akamtazama usoni, akaendelea kwa mtu aliyefuata.

Bendera ikafika juu. Mwenye pikipiki akawasha injini. "Twende, dada?"

Nikamwambia twende.