Mkufu Aende kwa Bibi

Jumatatu, 16 Agosti 2021
Nimefua. Nimeanika. Upepo umeangusha nusu, nimefua tena. Lokdauni ya korona haiishi. Baba Zawadi yuko kazini Smithfield, kwenye ghala.

Zawadi alikuwa amechuchumaa kwenye uzio, kimya. Mtoto wa miaka minne akinyamaza, nenda ukaangalie. Nikaenda. Posamu amekufa chini ya nyaya za umeme, yule mnyama anayekimbia juu ya paa letu usiku. Mgongoni kwake katoto. Kazima. Kameng'ang'ania manyoya ya mama yake. Kunguru anasubiri pembeni.

Nimekachukua. Kakazungusha mkia kwenye kidole changu. Nimeshindwa kukaweka chini. Nikakafunga kifuani kwa kitenge, kakapanda mpaka shingoni. Zawadi amekaita Mkufu.

Jumanne, 17 Agosti
Nimempa maziwa ya friji, nimeyapasha, kwa ncha ya kitambaa. Kambini Kigoma, tulipokuwa wakimbizi, nililea mwanambuzi hivyo hivyo. Akawa beberu wa kusumbua kambi nzima. Mkufu amenyonya vizuri.

Baba Zawadi amesema, "Ukishampa jina umeshamzaa, Mama Zawadi." Lakini nimemwona anachungulia kitenge.

Alhamisi, 19 Agosti
Mkufu anaharisha maji matupu. Macho yamezama. Mwili wa baridi. Naogopa.

Kwenye simu nimepata namba ya watu wanaolea wanyama wa porini. Baba Zawadi hataki nipige. Kufuga posamu bila kibali huku ugenini ni kosa. Helikopta inazunguka juu, wanajeshi wanapita na polisi kugonga milango kwa ajili ya korona. "Unaita serikali mlangoni kwa ajili ya panya?" Mimi pia nikimwona mwanajeshi bado natafuta mlango wa nyuma uko wapi.

Nimejifungia bafuni. Nimepiga.

Alhamisi, jioni
Ni mama mtu mzima, anaitwa Lorraine, anaishi Campbelltown. Kiingereza changu kilikwama, akanisubiri. Akauliza nimempa nini. Nikasema maziwa ya ng'ombe. Akaniambia niyamwage. Nikaelewa. Yanawaua. Nilikuwa namuua kwa mkono wangu huku namwimbia.

Hawezi kuja, mume wake ana korona, wamefungiwa ndani. Ametuma mtu ameacha maziwa ya unga getini, ya posamu. Ataandikisha jina langu, nitalea kwa maelekezo yake. Kwa hiyo si kosa tena.

Baba Zawadi alisikia yote. Akajaza chupa maji ya moto, akaivisha soksi yake, akampa Mkufu alalie.

Jumamosi, 21 Agosti
Yuko hai.

Jumapili, 5 Septemba
Ibada kwenye simu. Katikati ya maombi Mkufu akatoa kichwa shingoni kwangu, kwenye kioo watu wote wakamwona. Mchungaji akasahau alipofika. "Mama Zawadi, na huyo ameokoka?" Kanisa zima likacheka.

Anakula majani sasa. Tunamchumia ya mikaratusi, yale machanga.

Na jambo lingine. Zawadi nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza siku zote. Leo nimemsikia chumbani anamwambia Mkufu, "Kula mama, kula ukue." Nimesimama nje ya mlango. Sikuingia.

Jumatano, 6 Oktoba
Siku mbaya. Lorraine amepiga simu ya video, akamwona Mkufu amelala kwenye nywele zangu. Uso wake ukabadilika. Ameniuliza kama hivi ni kila siku. Ndiyo, kila siku. Napika naye, nafagia naye.

Akizoea watu hawezi kurudishwa mtini. Atamshukia kila mtu na kila mbwa. Wa hivyo huchomwa sindano, wasiamke. Lorraine ameyarudia polepole ili nielewe. Nilielewa mara ya kwanza.

Juzi maziwa yangu. Leo kitenge changu.

Ijumaa, 8 Oktoba
Kwetu mtoto akikataa kuacha ziwa anapelekwa kwa bibi. Mama haonekani hata mlangoni. Mtoto atalia, atalia, halafu njaa itamwonyesha ugali. Zawadi hakuwa na bibi wa kupelekwa, mama yangu amebaki kambini. Nilijipaka pilipili. Nikaungua mimi, yeye akanyonya.

Mkufu bibi anaye. Lorraine ana banda kubwa, lina miti na posamu wengine.

Nimeamua. Nimelia. Halafu nimesonga ugali, watu wapate kula.

Jumamosi, 16 Oktoba
Lokdauni imeisha. Tumepanda treni mpaka Campbelltown, mwendo mrefu, kikapu mapajani. Baba Zawadi alikuja. Alisema anataka tu kunyoosha miguu. Njia nzima yeye ndiye aliyeshika kikapu.

Mkufu alinishika kidole kwa mkia. Nikaufungua. Sikugeuka nyuma. Zawadi aligeuka.

Kitenge Lorraine amenirudishia. Kina harufu yangu, asije akanitafuta.

Jumatatu, 25 Oktoba
Lorraine akiingia bandani, Mkufu bado anamshukia begani. Wenzake wanakimbilia juu. Lorraine anasema tusubiri, lakini sauti yake siipendi. Sili vizuri.

Zawadi anauliza kama bibi anampa majani machanga. Nimesema bibi anajua.

Jumapili, 14 Novemba
Amemng'ata! Lorraine aliingia na majani, Mkufu akamng'ata kidole, akakimbilia juu kabisa kwa wenzake. Lorraine amenitumia picha ya damu, anacheka. Nimekaa chini sakafuni kwa furaha. Kanisani nimeomba tumshukuru Mungu, kwa kidole cha mama wa watu. Mchungaji hakuuliza.

Jumamosi, 11 Desemba
Posamu hurudishwa pale pale alipookotwa. Ni utaratibu wao. Nimeufikiria sana utaratibu huo.

Lorraine ameleta sanduku la kulalia, Mkufu akiwa ndani, Baba Zawadi amepanda ngazi kulifunga mtini nyuma ya nyumba. Mimi nilibaki ndani, kama mama wa mtoto aliyeko kwa bibi. Nilikuwa nachambua mchele. Nimeuchambua mara mbili.

Jumatano, 22 Desemba
Asubuhi mzee wa nyumba ya pili amesimama kwenye waridi zake, mikono kiunoni. Machipukizi yote yameliwa. Anawatukana posamu, wote, na mama zao. Nikampa pole. Zawadi akafungua mdomo, nikamkanyaga kidogo.

Tulipoingia ndani akaninong'oneza, "Mama, amekula."

Kwa Kiswahili. Ameniambia mimi.

Nimefua kitenge. Nimekianika. Leo hakuna upepo.