Nilimwita Paka Ramazani

Jumatatu, 4 Machi 1957

Uji nusu kikombe. Kikohozi tangu alfajiri. Binti yangu Felisita amenisogeza dirishani nione barabara. Ramazani amekuja saa tatu, kama kila siku. Ameegemeza baiskeli mlangoni, akaniita hadi majirani wote wakasikia.

"Weye panya, hujakufa tu?"

Nikamjibu kwamba panya hafi mbele ya paka, ataona haya.

"Basi fanya haraka. Miye nimechoka kungojea na jembe mukononi."

Felisita akacheka. Nami nikacheka, kifua kikaniwaka. Sisi ni watani tangu babu zetu. Ana ruhusa ya kunitukana hata kaburini. Sistahili utani wake.

Jumatano, 6 Machi

Sauti inakwisha. Zamani sauti ndiyo ilikuwa kazi yangu. Miaka minane nilikuwa msemaji wa sinema hapa Kasongo. Sinema zenyewe hazikujua Kiswahili. Nilisimama kando ya shuka jeupe na bomba la bati mdomoni, nikawasemea waliomo. Tulionyesha mchana, ndani ya bohari ya pamba, madirisha yamezibwa kwa magunia.

Kwanza sinema ya mbu, au ya choo. Watu walivumilia. Bwana mkubwa wa serikali alidhani wamefuata mbu. Walifuata paka na panya, zile picha za kuchorwa, ambazo hazikufika hata dakika kumi. Paka anamfukuza panya, anagonga ukuta, anakuwa bapa kama ngozi iliyoanikwa. Anajikung'uta. Anakimbia tena.

Nimewaza sana kwa nini tulicheka vile. Nje ya bohari, aliyepigwa kiboko hakuinuka upesi. Aliyeangukiwa na mti kwenye kazi ya barabara alizikwa. Mle ndani hakuzikwa mtu. Mkubwa alianguka, mdogo aliponyoka, na wote wawili wakawa wazima. Dunia ile ningeitaka hata leo.

Paka yule nilimwita Ramazani. Ramazani mwenyewe alikaa mbele kabisa, juu ya robota la pamba, akinijibu. "Ngojea, panya. Leo nakula weye na mukia." Watu walilia kwa kicheko. Asipokuwepo, sinema ilipoa. Nilijua hivyo vizuri sana.

Ijumaa, 8 Machi

Padri amekuja. Nimeungama. Amenipa sala za kusali na kuniondolea dhambi. Lakini mtoto aliyekufa hakuwa wa Padri, hata anisamehe yeye.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike basi.

Miaka sita iliyopita, siku ya sinema, saa sita mchana, dereva wa motokari ya machimbo alinipa barua ya Ramazani. Ramazani hajui kusoma. Barua zake zote hupitia kwangu, maana nilikuwa mwalimu. Hii ilitoka kwa karani wa machimbo, upande wa Salamabila. Musafiri, mwanawe wa pekee, ameangukiwa na jiwe shimoni. Amekufa. Watamngoja baba yake hadi kesho asubuhi ndipo wamzike. Apande motokari hiyo hiyo, itarudi saa kumi.

Sinema ilikuwa saa tisa. Nikaikunja barua, nikaitia mfukoni. Nikajiambia: heri acheke mara moja ya mwisho. Uongo. Nilitaka acheke kwa ajili yangu. Wageni walikuwa wametoka Kabambare kuja kunisikia.

Sinema ilikuwa mpya. Sikujua kilichomo. Jiwe likamwangukia paka. Mdomo ukasema wenyewe, "Ramazani, jiwe hilo." Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye robota. Watu wakaomba irudiwe. Ikarudiwa.

Mara ya pili mdomo haukusema wenyewe. Nilisema mimi.

Tulipotoka, motokari imekwenda. Habari nilimpa kesho yake. Nikamwambia barua imefika asubuhi hiyo. Sikumsomea, maana ndani mna saa ya motokari. Nilimweleza kwa kinywa tu. Alikwenda kwa baiskeli, na penye matope kwa miguu. Akakuta udongo wa kaburi umekauka.

Sikusimama tena kando ya shuka. Watu walidhani ni kifua.

Jumatatu, 11 Machi

Amekuja na utani wake. Amesema panya ameng'oka meno, sasa paka atakula nyama laini. Nikageukia ukutani. Mwoga.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwambia. Nilimtoa Felisita nje kwanza. Nimesema yote, hata ile mara ya pili.

Aliuliza neno moja. "Wakati nilikuwa nacheka, barua ilikuwa wapi?"

Nikaweka mkono kifuani, penye mfuko wa shati.

Alisimama, akatoka. Baiskeli ameiacha.

Alhamisi, 14 Machi

Hajaja. Homa. Felisita anauliza nimemkosea nini. Nimemwambia aache.

Jumapili, 17 Machi

Mkewe amekuja kuchukua baiskeli. Hakunisalimu. Anajua.

Nilidhani nikisema nitapata wepesi. Sikupata. Nimehamisha mzigo, nimemtwisha yeye, naye mzee kama mimi. Labda nilipaswa kufa nao. Sijui. Nampenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na sikuwahi kumwambia. Watani hawaambiani hivyo.

Jumatano, 20 Machi

Mvua asubuhi, kisha jua. Sikula.

Saa kumi hodi. Ramazani. Maisha yake yote hakuwahi kupiga hodi kwangu. Amekonda. Alibaki amesimama mpaka Felisita akampa kiti.

"Mwalimu, ile barua ingali iko?"

Nikasema iko. Felisita akaitoa sandukuni, chini ya nguo.

"Unisomee."

Nikasoma. Karani aliandika kwamba Musafiri hakufa palepale. Alikaa mpaka jioni. Aliomba maji. Aliuliza kama baba yake yuko njiani, wakamwambia yuko njiani, akanyamaza.

Ramazani alitazama sakafu. Akasema, "Tena."

Nikasoma tena. Kwenye neno maji sauti ikakatika. Nikanyanyua karatasi kuonyesha kwamba siwezi. Hakuondoka. Alisogeza kiti mpaka kikagusa kitanda, akainama, akaweka sikio karibu na mdomo wangu.

Nikaanza upya, juu kabisa, kwenye salamu.